Kiasi na Asili

Daftari limevikwa gazeti, na gazeti lina mafuta ya dagaa.
Ukilifungua kwa mbele ni Hisabati, Darasa la Saba,
jina: Nyanzobe Malimi.
Ukiligeuza juu chini, ukaanzia nyuma, ni madeni.

Mama alifeli kwa kutumwa.
Usiku wa kuamkia mtihani babu alimwita zizini,
hakumpiga, hata sauti hakupandisha:
"Kesho uandike ovyo. Watu wa Magu wamekwisha kuja."
Swali la tisa analo kichwani mpaka leo:
mkulima ana ekari ishirini na nne,
robo tatu kapanda pamba; zimebaki ngapi?
Aliiona ile sita imetulia kama kuku juu ya mayai.
Akaandika arobaini.

Ng'ombe kumi na mmoja wakaingia.
Wanne hawakumaliza hata mwezi,
waligeuka ada, godoro na sanduku la bati
la mjomba Bulugu, aliyekwenda sekondari
na viatu vinavyolia.

Mimi namjua mama wa kwenye chanja.
Giza la mwezi likiingia, saa kumi alfajiri yuko mwaloni Kayenze,
ndoo mbili, kichwa kimoja,
anabishana bei na vijana aliowaona wakizaliwa,
nao hawamwiti jina, wanamwita "we mama wa sado."
Anaanika, anageuza, anakimbizana na mvua,
mimi mgongoni, mdogo wangu tumboni,
na baba, Mungu amrehemu, amelala: alikesha ziwani,
uchovu wake ulikuwa na jina.
Wa mama uliitwa asubuhi.

Nyuma ya daftari:
Ndoo 3, Sayi, hajalipa.
Mvua. Hasara.
Kalamu na sare, Holo. (Holo ni mimi.)
Mvua.
Mtumbwi, milioni mbili na laki nne. Mimi laki kumi na nane. Yeye laki sita.
Na pembeni, padogo, kama mtu anayejikuna asionekane:
tatu juu, mstari, nne chini.

Ubavuni mwa mtumbwi fundi aliandika kwa rangi nyekundu
MALI YA MASALU.
Mama ndiye aliyemlipa fundi.

Arobaini ya baba ilipokwisha, baba wadogo walikuja na kamba.
Mtumbwi wa ukoo, walisema, hauachwi kwa mwanamke,
kesho akiolewa utavuka naye maji.
Mama akalipeleka daftari baraza la kata.
Mwenyekiti alilifunua kwa ncha za vidole, akanusa.
"Umesoma mpaka wapi, mama?"
"La saba."
"Ulifaulu?"
Feni ilizunguka. Mtu akakohoa.
"Basi hesabu hizi nani atazithibitisha?"
Mjomba Bulugu, mjumbe, akatazama saa yake,
saa nzuri, ya mkanda wa ngozi.
Ngozi ya ng'ombe, nadhani.

Siku hizi tunakodi hata ndoo.
Jana mwanangu Limi alileta zoezi: nusu jumlisha theluthi.
Alikuwa kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini,
kapata mbili juu ya tano, na mwalimu kamchora mkasi mwekundu.
Mama akafuta mikono kwenye kanga.
"Ya juu inaitwa kiasi. Ya chini, asili.
Asili zikiwa mbalimbali usijumlishe, utapata uongo.
Tafuta kwanza kigawe cha shirika."
"Kwani bibi, asili inabadilishwa?"
Mama alimtazama muda mrefu kuliko swali lenyewe.
"Inabadilishwa," akasema. "Lete kifutio."

Upande wa Ukerewe mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga.
"Mama, dagaa," nikasema.
Hakuinua kichwa.
Nikatoka mbio na turubai, peke yangu,
matone ya kwanza makubwa kama sarafu
yakinihesabu mgongoni.